Mashine Iliyohesabiwa Pamoja na Ng'ombe

Jumatano, 7 Machi 1973

Nimepangusa lenzi tena. Mara ya tatu leo. Vumbi la Kiogoro halichoki, na mimi sichoki. Mpira wa kuzungusha mkanda umelegea. Nimeukata, nimeufunga upya. Bado unateleza kidogo. Tutaona.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama husoma Ekegusii tu. Daftari nimeliweka chini ya godoro, lakini godoro si benki.

Miezi miwili tangu studio ifungwe. Miaka mitano nilikaa pale mjini Kisii nikirekebisha picha za watu, nikiwapaka wino nyusi ambazo Mungu aliwanyima. Tajiri wangu Mhindi alipofunga mizigo kwenda Ulaya alinipa mashine yake ya sinema na mikanda saba. Picha zisizo na sauti. Kaka yangu Ongeri alikuwepo, alikuja kunisaidia kubeba. Tajiri akasema mbele yake: "Hii ya Kemunto. Yeye najua kazi." Hakuandika kitu. Santuri ya betri na sahani zake za muziki nilikuwa nazo tayari.

Picha haina sauti, sahani haina picha. Kazi yangu ni kuziozesha. Tembo wanaovuka mto nimewapa gita la polepole, miguu yao inaenda sawa na besi. Mtu mnene anayeanguka kwenye ngazi nimempa wimbo wa haraka, na anaanguka pale pale ngoma inapolia. Kwa Wasabato wenzetu, kwaya tu, na tembo wanakubali kwaya pia. Nilijaribu jioni nyingi studio kabla haijafungwa. Kisii nzima hakuna mwingine anayefanya hivi. Nimeuliza.

Jumapili tuna harusi ya kwanza, upande wa Nyamira. Ongeri ndiye aliyeongea na wenyewe. Msichana akisema ana sinema, watu wanacheka. Ongeri akisema hivyo hivyo amevaa tai, wanauliza lini. Hana kazi tangu chama cha kahawa kimpunguze. Tai hawakumnyang'anya.


Jumapili, 11 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Madirisha tuliyafunika kwa blanketi na majani ya migomba. Saa kumi mchana, ndani giza, ila matundu ya misumari kwenye mabati. Jenereta tumekodi kwa Mzee Mokaya, yule mfanyabiashara wa Nyamira mwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa inanguruma nyuma ya jiko. Nikawasha. Tembo wakatokea ukutani. Watu wakapiga yowe la furaha. Kisha kimya. Kisha viti vikaanza kuburuzwa.

Baba wa bwana harusi alikuwa ametoka. Wazee wote wakamfuata. Walikaa nje juani wakaipa nyumba mgongo.

Nilisahau chinsoni, miiko yetu ya heshima kati ya wazazi na watoto. Mimi, mtoto wa hapa hapa. Mzee na mke wa mwanawe, chumba kimoja, gizani, goti kwa goti. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua haya hiyo hairukwi. Nilifikiria balbu, mpira na sahani, nikafikiria kila kitu isipokuwa watu.

Ongeri aliwaomba radhi. Aliongea vizuri, sikatai. Njiani akaniambia nisijali, tutarekebisha. Alisema "tutarekebisha", si "utarekebisha". Nimelipenda hilo neno.


Jumanne, 13 Machi

Nimepata. Shuka jeupe, lililoloweshwa maji, linafungwa kwenye mlango kati ya vyumba viwili. Wazee sebuleni na mashine. Vijana na wake zao chumba cha ndani, wanaingilia mlango wa nyuma. Mwanga unapenya shuka. Kila kizazi kina chumba chake na ukuta wake, na wote wanaona picha moja.

Wa ndani wataona kinyume. Kulia itakuwa kushoto. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Ongeri nilipomwelezea alinitazama muda mrefu. Akasema, "Kemunto, wewe ungezaliwa mwanamume." Sijui hiyo ni sifa au ni matanga.


Jumapili, 25 Machi

Harusi nyingine. Wamekaa mpaka mkanda wa mwisho. Wazee wote. Mmoja aliomba tembo warudiwe, mara mbili. Chumba cha ndani walikuwa wanacheka kwa sababu mtu mnene anakula kwa mkono wa kushoto. Kicheko kikivuka shuka, wazee nao wanacheka bila kumwona mtu. Nimesikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Baadaye mwenye boma alimshika Ongeri bega: "Kijana, shuka lile ni akili." Ongeri akanitazama. Akamtazama mzee. Akasema asante.

Si neno. Angesema nini mbele za watu?


Alhamisi, 5 Aprili

Kwa chifu. Ametuita, amesikia tunakusanya watu bila kibali. Karani akauliza jina la mwenye onyesho. Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kila karani niliyewahi kukutana naye, na maswali yake. Umeolewa? Baba yako yuko wapi? Nani anakuruhusu? Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Nimechoka kumtoa kaburini kila nikitaka mhuri.

Nikasema: andika Ongeri.

Dakika tano tukawa nje. Rahisi kabisa.


Jumapili, 29 Aprili

Harusi nne mwezi huu. Keroka moja, Nyamira mbili, na moja hapa karibu. Kwa Wakatoliki nimepiga rumba mpaka sindano imechoka. Vidole vyangu sasa vinajua vyenyewe. Naweza kubadilisha sahani bila kuondoa jicho kwenye picha.

Mzee Mokaya siku hizi anakuja na jenereta yake mwenyewe. Anakaa kando ya mashine kama aliyelipa kiti. Anauliza sana. Hii inatoka wapi? Ile inazungushwa na nini? Ikiharibika? Nilidhani ni mtu wa kupenda kujua. Ana binti, Bosibori, mrefu, mpole, anayesaidia dukani. Ongeri siku hizi anaenda kukodi jenereta siku tatu kabla ya siku yenyewe, na anarudi jioni.

Mjinga asiyeona hilo ni mjinga kweli. Nimefurahi kwa ajili yake. Ana miaka ishirini na minane, na Mama ameanza kuhesabu wajukuu wa jirani.


Ijumaa, 18 Mei

Haraka, jua linakaribia kuzama, Sabato inaingia, na maji bado sijachota.

Mama amesema. Ongeri anaoa Bosibori. Mzee Mokaya anataka ng'ombe sita. Sisi tuna wanne. Mama alisema hayo akinitazama mimi, kwa maana kaka huoa kwa ng'ombe walioletwa kumwoa dada yake, na mimi nimekataa wachumba wawili. Nilingoja nisemwe. Sikusemwa. Mama alisema tu Mungu atafungua njia.

Nimefurahi. Naandika ili isije ikasemwa sikufurahi.


Jumatatu, 28 Mei

Nitaandika taratibu. Sitaki kuchana karatasi.

Leo watu wa Mzee Mokaya walikuja kuona ng'ombe. Wazee watano na yeye wa sita. Tangu alfajiri tulikuwa tunachinja kuku na kusonga ugali wa wimbi. Walikuja na jenereta imefungwa kwenye mkokoteni. Nilishangaa kidogo. Nikajiambia watataka burudani baada ya kula, ni wakwe, tuwapendeze. Nikaenda hata kulilowesha shuka. Ndiyo, mimi mwenyewe.

Walikula. Wakaenda zizini. Mimi nilikuwa nyuma na birika. Waliwashika ng'ombe, wakawafungua midomo, wakampigapiga yule mwekundu kiunoni. Wanne. Wakakubali wanne. Kisha mzee mmoja mwembamba akauliza, bila kuinua sauti, wawili waliobaki wako wapi.

Ongeri akasema: "Twendeni ndani."

Akawapeleka stoo. Akaondoa gunia juu ya mashine yangu.

Yule mzee mwembamba akainama. Akalipiga sanduku lake ubavuni kwa kiganja, vile vile alivyompiga yule mwekundu. Akauliza kama ni nzima. Mzee Mokaya akacheka, akasema ameiona ikifanya kazi mara nyingi, lakini wenzake nao waone kwa macho yao. Ndipo nikaelewa jenereta.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama sakafu. Hakushtuka. Mtu asiyejua hushtuka.

Ongeri akaniambia: "Kemunto, hebu wawashie wazee." Na kwao akasema: "Dada yangu huwa ananisaidia kuiendesha."

Huwa ananisaidia.

Nikawasha. Haki ya Mungu, niliwasha. Nikaweka tembo. Nikaweka gita. Nikaonyesha kwamba mashine yangu haina kidonda, ili ichukuliwe. Ningesema neno moja, "hii ni yangu", ndoa ingevunjika pale pale, na boma letu lingekuwa hadithi toka Kiogoro mpaka Keroka. Nilikuwa nalo neno mdomoni. Nikalimeza. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema imetosha, ni ng'ombe wawili wazima.

Wameondoka saa kumi na moja. Nimeosha vyombo vyote. Sijalia bado. Nina hasira mno.


Jumanne, 29 Mei

Nilimkuta Ongeri akinyoa ndevu nje. Nikamuuliza mashine ni ya nani.

Hakuniangalia. Aliangalia kioo. Akasema ni ya nyumba. Nikamkumbusha tajiri alisema nini siku ile, na yeye amesimama pale pale. Akasema tajiri yuko Ulaya, akatoe ushahidi huko. Kisha akasema maneno ambayo nitazikwa nayo: "Ungeolewa, ungeniletea ng'ombe. Hukuniletea. Basi hao ndio ng'ombe wako."

Aliendelea kunyoa. Hakujikata hata kidogo.

Mama nilimfuata kwenye chai. Hakuacha kuchuma. Alisema mashine ingeondoka siku nitakapoolewa, iende kwa watu baki, heri iondoke sasa ituletee mtu. Alisema mke huyu atakuwa ameolewa kwa ng'ombe wangu, atanilimia, atanichotea maji. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu Pasaka.

Tangu Pasaka! Nimekula naye sahani moja tangu Pasaka. Nimeuombea hata mgongo wake unaomuuma.


Alhamisi, 31 Mei

Kwa chifu tena. Nimetembea peke yangu.

Karani alifungua kitabu. Akaweka kidole. Mwenye onyesho na vyombo vyake: Ongeri. Na aliyesema iandikwe hivyo ni mimi mwenyewe, si mwingine. Nikaeleza. Chifu alisikiliza, sitamsingizia. Mwisho akasema hawezi kuingilia mahari ya watu kwa sababu ndugu wawili wamegombana, na mimi kama msichana mwenye akili nisiwe mwiba kwenye harusi ya kaka yangu.

Nilijifunga kamba mwenyewe, nikampa Ongeri mwisho wake ashike. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo tuliandika shuleni mara kumi kwa ajili ya mwandiko mzuri. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.


Jumamosi, 2 Juni

Jua limezama, naweza kuandika.

Kanisani Ongeri aliketi mbele. Mzee wa kanisa alimpongeza, kijana mwenye bidii, ameanzisha kazi ya sinema safi isiyochafua vijana, na sasa anaanzisha nyumba. Akataja shuka. Shuka! Watu wakageuka kumtazama kwa sifa. Ongeri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Namchukia. Nimeandika. Sitafuta.


Jumapili, 10 Juni

Ng'ombe wametangulia. Mashine imefuata, begani mwa Ongeri.

Niliifungasha mimi. Nililaza balbu ya akiba kwenye pamba, nikapanga mikanda kwa namba. Mpira mpya pia niliuweka. Mama akasema ameona moyo wangu umelainika. Haujalainika. Mashine haikunikosea, ndiyo maana. Sahani na santuri zimebaki, nilizinunua kabla, na Mzee Mokaya hakuzitaja.


Jumapili, 17 Juni

Harusi, Nyamira. Nilivaa gauni la bluu, kwa sababu Mama alilipiga pasi akaliweka kitandani bila kusema kitu.

Baada ya chakula, Mzee Mokaya akatangaza picha. Mfanyakazi wake wa mashine ya kusaga ndiye aliyewasha. Mikono ya unga. Aliupitisha mkanda kombo. Nilikuwa kwenye benchi la tatu, niliuona kabla hajawasha. Tembo walitembea hatua mbili wakasimama. Balbu ina moto, mkanda ukisimama mbele yake haungoji. Doa la kahawia lilianza katikati ya mto, likapanuka, likala tembo wa kwanza, kisha wa pili. Moshi. Watoto wakashangilia, walidhani ndiyo sinema yenyewe.

Ongeri alinigeukia. Mzee Mokaya akanigeukia. Mama pia. Benchi zima.

Nilikaa. Mikono niliikalia. Ilikuwa inataka kwenda yenyewe.

Bosibori tu hakunitazama. Alikuwa ameketi amefunikwa shela, anatazama moshi.


Jumatano, 11 Julai

Ongeri amekuja mlangoni kwangu. Hajaingia tangu Mei. Mzee Mokaya ana harusi tatu alizoahidi na hana wa kuendesha. Mikanda miwili imeshaungua. Analalamika kwamba alipewa ng'ombe wasiokamuliwa. Ongeri anaomba niende Nyamira kila Jumapili. Nitalipwa, anasema. Nitakula huko huko.

Nikamuuliza niende kama nani.

Akasema, "Kama wewe." Kisha akafikiri. "Kama mfanyakazi wake."

Nilimwambia hapana. Alisimama. Akasema mkwe wake anamdharau, anamwita mwongo mbele ya watu, akasema mimi ni dada yake wa tumbo moja. Sauti ilimkatika kidogo. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kwa hiyo huruma. Hapana ilibaki hapana. Nikafunga mlango polepole, ili asiseme niliubamiza.

Mama hajaongea nami leo. Basi tuko sawa.


Jumapili, 19 Agosti

Mvua ya mchana. Kupukuchua mahindi verandani.

Bosibori alikuja na mkeka wake, akaketi mbali kidogo. Miezi miwili yuko hapa. Ananichotea maji kama Mama alivyoahidi, na kila asubuhi nayamwaga kwenye migomba nikachote yangu. Anajua. Hajawahi kusema.

Tulipukuchua. Gunzi moja, jingine. Mama alikuwa amelala. Ongeri amekwenda Keroka kutafuta kazi.

Kisha akaniuliza mashine ile inafanyaje kazi.

Nikajua ametumwa. Baba yake ameona kaka ameshindwa, sasa amemtuma huyu, na sauti yake laini. Nikamwambia amwambie baba yake jibu ni lile lile.

Akasema hajatumwa. Akaendelea kupukuchua. Hakuniangalia. Akasema siku ile wazee walipokuja kuona ng'ombe, yeye alikuwa nyumbani kwao anakoroga uji, na jioni waliporudi wakamwambia yote yamekubaliwa, wanne na mashine. Ng'ombe anawajua. "Lakini ile nyingine sikuielewa, dada. Nataka tu kujua kitu nilichobadilishwa nacho."

Mahindi yalikuwa yananiangukia mapajani.

Kisha nikamwelezea. Nilianza na balbu. Nikamwambia mkanda ni picha nyingi ndogo zilizosimama, hakuna hata moja inayotembea, na mashine inazipitisha haraka mpaka jicho linakubali kudanganywa. Akauliza zinapita ngapi kwa sekunde moja. Nikamwambia. Akauliza mbona mkanda una matundu pembeni. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza matundu. Ongeri hakuuliza. Baba yake, pamoja na maswali yake yote, hakuuliza. Nilichukua ganda la hindi nikalitoboa kwa kucha kumwonyesha meno ya gurudumu yanavyoshika.

Alilishika lile ganda, akalivuta taratibu kati ya vidole vyake.

Gunia halikujaa. Alipoinuka kwenda kupika aliniuliza kama anichotee maji ya kuoga. Nikamwambia achote.